Zona kwenye Jicho Langu la Kupimia Moto

Kama umeamka na moto upande mmoja wa kipaji cha uso, na upande wa pili hausikii kitu, usingoje nimalize kusema. Weka chini karatasi hii uende hospitali. Ukirudi utanikuta palepale. Mimi sikwenda siku ile, wala iliyofuata, na kidogo tu nipoteze jicho.

Naitwa Papa Léonard. Hapa Panda, mtaa wa Likasi, watu wananiita Papa Nyungu, kwa sababu nyungu ndiyo kazi yangu: zile sufuria nzito za alumini mnazosongea bukari, yaani ugali. Shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Baba yangu alikuwa mtu wa kiwanda, sisi tukazaliwa katika kambi ya wafanyakazi, na kazi ya kumimina nilijifundisha peke yangu nyuma ya nyumba, kwa kuungua. Leo hakuna jiko hapa Likasi ambalo halijaona nyungu yangu. Kama lipo, wenyewe wanakula kwa majirani.

Uelewe kwanza jicho langu, halafu utaelewa ugonjwa. Tunakusanya vyuma vyepesi, pistoni za magari, fremu za madirisha, vipande vya injini, tunaviyeyusha kwenye chungu juu ya makala, yaani mkaa. Nyungu ya mfano tunaishindilia katika mchanga ndani ya masanduku mawili ya mbao, moja juu ya lingine, tunaitoa, na ile nafasi iliyobaki ndiyo kalibu. Hapo ndipo tunamimina. Ukimimina mapema, chuma kinaganda njiani na nyungu inatoka na mdomo uliopasuka. Ukichelewa, kimekula moto mno, nyungu inatoka na matundu madogo kama mkate. Hakuna kipimo tunachotumia. Kuna uso wa chuma. Unang'aa, unatulia, unafanya ngozi nyembamba kama maziwa, na pembeni mwa chungu rangi inageuka kidogo, kidogo tu. Mimi naiona ile rangi. Kasongo, mtu mzima ninayefanya naye kazi, ana mikono bora kuliko yangu, lakini rangi ile haioni. Hasemi uongo, anakubali mwenyewe. Kwa hiyo karakana nzima inasimama juu ya jicho, na jicho ninalolitumia ni la kuume. La kushoto liliharibika kidogo zamani kwa cheche.

Ilikuwa mwisho wa mvua. Binti yangu Solange alikuwa amezaa, mtoto wa kike, wakampa jina la mama yangu, Malemba. Nyumba ilikuwa na harufu ya sabuni na maziwa. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma upande wa kuume, kuuma kwa ajabu, kama mtu anapitisha waya wa moto chini ya ngozi. Nikasema ni uchovu. Halafu siku ya kumimina, jioni, vikatokea vipele vyenye maji juu ya nyusi.

Nikacheka. Nikamwambia Kasongo chuma kimenirukia na sikusikia. Nimeungua mara nyingi katika maisha haya, mikono yangu ni ramani ya kuungua, najua lengelenge la alumini lilivyo. Nikapaka mafuta ya mawese kama kawaida yetu, nikaenda kulala.

Kesho yake mke wangu, Mama Béa, alinigeuza uso kuelekea dirishani.

"Jana bilikuwa bitatu. Leo ni kiwanja muzima. Moto gani inazalaka, Papa Léo?"

"Minye niko fundi wa moto. Unataka kunifundisha moto?"

"Sitaki kukufundisha kitu. Nauliza tu kama alumini yako inatembeaka mu usingizi."

Nikamtuma akatafute kazi. Yeye kweli alikuwa nayo nyingi, na mimi nikaendelea na mawese. Vipele vikapanda kichwani penye nywele, vikashuka kwenye kope, kimoja kikakaa kwenye ncha ya pua. Jicho likavimba likafunga. Na hapa niseme jambo lililonishangaza hata mimi mwenye kiburi: ugonjwa ulisimama katikati ya uso. Ulikuja mpaka katikati ya kipaji, ukakata mstari ulionyooka, ukabaki upande wake. Upande wa pili ngozi safi. Umeshaona nyungu mpya, ule mshono mdogo ambapo masanduku mawili yalikutana? Uso wangu ulikuwa hivyo. Mama Béa aliuona ule mstari akaacha mzaha.

"Hii haiko moto. Moto haijuake mupaka. Vaa kiatu, twende."

*

Kwenye hospitali ya masista tulikaa kwenye benchi ya ukuta wa kijani. Chumba cha kungojea ndicho shule niliyosoma muda mrefu kuliko nyingine yoyote. Unajifunza nani anakohoa kwa kweli na nani anakohoa ili aitwe. Mimi nilikuwa na kitambaa usoni, kikadondoka. Mama mmoja mwenye kikapu akaniangalia, akamnong'oneza mwenzake, lakini masikio yangu hayakuwa na vipele.

"Iko zona ile. Zona, si unajua inafuatanaka na nini?"

Wakasogea. Aliyefuata akasogea. Benchi ikajaa upande mmoja, sisi wawili tukabaki upande wetu kama wageni wa heshima.

"Musongee tu," nikawaambia kwa sauti. "Ku mulango kuko nafasi ingine."

Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa kweli. Mama Béa hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Mtawa mwuguzi aliyetupokea, sisi tunamwita masele tu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, hakukaa hata kwenye kiti.

"Papa, ni zona. Na imeshuka ku pua. Ikishuka ku pua, inatafuta jicho. Ungekuya siku ya kwanza."

"Nilizania ni moto."

"Kila muntu wa Likasi mwenye kuguswa ngozi anazania ni moto ao asidi. Fungua jicho."

Halikufunguka. Alilifungua yeye. Niliona mwanga mweupe tu, kama unaangalia jua kupitia mfuko wa plastiki.  Kwa mara ya kwanza katika siku zile nilisikia hofu.

Masele akauliza kuhusu tetekuwanga. Nani nyumbani hajaipata? Akaeleza kwa maneno machache: zona, ile wengine wanaiita mkanda wa jeshi, haitoki nje. Tetekuwanga uliyoipata ukiwa mtoto haikuondoka kamwe. Ilijificha kwenye mishipa, ikalala, na mwili ukaizuia. Ukizeeka, ukichoka, inatoka kupitia mshipa uleule iliojificha ndani yake. Na maji ya vile vipele yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajaipata.

"Kuko mutoto mudogo mu nyumba?"

"Malemba," Mama Béa akajibu. "Iko na wiki chache tu."

"Basi papa akae mu chumba chake mpaka magamba ikauke yote. Taulo yake, yake. Asimubebe."

Halafu akasema, bila kutukazia macho, kwamba ni vizuri pia kupima damu, kwa sababu wakati mwingine zona inakuja mwili ukiwa umedhoofishwa na ugonjwa ule mwingine, UKIMWI. Nikasema nipime, sina cha kuficha. Ndipo Mama Béa akasema taratibu:

"Na minye munipime."

Nimeungua mara nyingi, nimeshasema. Hakuna kuungua kama kule. Tulikaa tukingoja majibu, mkoba wake kati yetu. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imeketi pale kwenye ile nafasi ya mkoba.

Damu ikasema hapana, yake na yangu. Njiani kurudi, tumefika karibu na nyumba, akaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Nilikuwa nimeshapanga matusi yote, Papa Léo. Moja moja, muzuri kabisa. Sasa nitaipeleka wapi?"

"Uiweke. Sijafa bado."

Na wewe unayesoma, kama damu yako ilisema ndiyo, chukua dawa yako ukae wima. Walio kwenye benchi watasogea, halafu nao siku moja watasogewa.

*

Vidonge vilikuwa vikubwa na vilikuwa vingi, asubuhi, mchana, jioni, na katikati. Kulikuwa na marhamu ya kupaka ndani ya jicho. Nilikuwa katika chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia karakana. Ukuta mmoja tu kati yangu na kazi yangu, na ukuta wa pili kati yangu na Malemba. Nilimsikia akinyonya, akilia, akipiga chafya. Solange alikuwa anamleta nje ya dirisha, mbali kidogo, anamwinua.

"Angalia tate yako," anamwambia. Tate ni babu. "Angalia vile iko sura mbili."

Siku zile maumivu yalikuwa ya kinyama. Shuka likigusa kipaji nilikuwa nataka kupiga mtu. Upepo wa mlango ulinitosha kuuma meno. Watu hawakuja. Majirani walisalimia kutoka barabarani, hodi zao zinaishia kwenye ua. Hata Kasongo, ambaye ameshika moto na mimi miaka, alikuwa anaweka chakula kwenye kizingiti na kurudi nyuma kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua.

Halafu dada yangu akaja kutoka Buluo. Yaya Vero, maana yaya kwetu ni dada mkubwa, analima mihogo na viazi vitamu kule, ana mgongo ulioinama na mdomo ulionyooka. Aliingia bila hodi, akavuta kiti, akakiacha, akakaa kitandani kwangu, akaweka kiganja chake kwenye shavu langu la ugonjwa.

Mama Béa akapiga kelele kutoka mlangoni. "Yaya, usimuguse! Masele alikataza!"

"Alikatazia nani? Minye na uyu tulilalaka ku mukeka moja."

"Mukeka gani?"

"Ya tetekuwanga." Akanigeukia. "Weye umesahau? Ulikuwa na akili ya kuku, ndiyo maana."

Nikakumbuka alivyokuwa anaeleza. Kambini, mtoto wa nyumba moja akipata tetekuwanga, mama za kambi walikuwa na desturi yao. Hawakumficha. Walitandika mkeka mkubwa, wakamweka mgonjwa katikati, wakawalaza wote ambao bado, wa kwao na wa jirani, ili wapate pamoja wapone pamoja, wasianze mmoja mmoja na kumaliza msimu mzima. Mama yetu alitulaza hivyo, Vero, mimi na wengine. Alitupaka pemba, ule udongo mweupe, tukawa kama mizimu midogo. Alikaa nasi na jani la kufukuzia nzi.

"Ulikuwa unalia," Yaya akasema. "Unajikuna. Mama akafunga mikono yako na kitambaa. Akasema, wacha mwili ifanye kazi yake."

Baadaye nilimweleza masele habari ya mkeka. Alitingisha kichwa. Akasema mama zetu walifanya walichokijua, lakini leo mtu asimlaze mtoto mzima na mgonjwa kwa makusudi, maana wako waliokufa na ugonjwa ule, na watoto wachanga hawana nguvu ya kuubeba. Nimeandika hapa kama alivyosema. Mimi simhukumu mama yangu. Lakini Malemba hatumlazi kwenye mkeka wowote.

Yaya alikaa mpaka magamba yakaanza kukauka. Yeye ndiye aliyeniosha uso, kwa maji ya vuguvugu, kwa vidole vile vya kung'oa mihogo, na sikuwahi kuguswa kwa upole namna ile. Hakuogopa kwa sababu ndani yake kuna mfungwa yuleyule kama wangu, na walinzi wake bado wako macho.

Nasema mfungwa. Kule Buluo anakokaa kuna gereza kubwa, kila mtu anajua. Siku moja, Yaya akinipangusa, niliwaza wale askari. Wanabadilishana zamu, wanakwenda kula, wanakwenda likizo. Sasa huyu wa kwangu alifungwa tangu nikiwa mtoto mwenye pemba. Nikaoa, nikazaa, nikajenga karakana, nikaungua, nikanywa pombe, nikafiwa na baba na mama, na wakati wote huo kuna mlinzi ndani ya mshipa wa uso wangu aliyesimama mlangoni. Sikumlisha kwa makusudi. Sikumwambia asante hata siku moja. Zaidi ya miaka sitini. Na alipochoka, mfungwa akatoka, mlinzi akapiga filimbi: homa, tezi mbele ya sikio likavimba kama yai, maji, magamba. Kila gamba lililokauka ni mahali alipomkamata tena. Mimi nimejivunia maisha yangu yote kwamba nilijitengeneza mwenyewe. Ndani yangu kulikuwa na mfanyakazi hodari kuliko mimi, na hakuwahi kujisifu.

Magamba yakadondoka. Malemba hakupata hata kipele kimoja.

*

Lakini jicho halikurudi.

Baridi ya kiangazi ikaingia, ile ya asubuhi ambayo maji ya ndoo yanauma. Ngozi ilikuwa imepona, ina makovu kama uso wa mchanga baada ya manyunyu, ila chini yake maumivu yalibaki. Kofia sikuweza. Nikawa nafunga kitambaa cha Mama Béa, cha maua mekundu, maana kilikuwa laini. Nikipita barabarani vijana wanasema, "Jambo, mama." Najibu, "Jambo, mukwe wangu." Wanatoka mbio.

Jicho lilikuwa linaona ukungu. Masele akanituma Lubumbashi kwa daktari wa macho. Chumba cha kungojea cha kule ni cha ajabu: kila mtu ana jicho moja, na wote wanaangalia mlango. Dereva mmoja wa lori alikaa pembeni yangu, jicho lake limefunikwa.

"Weye ni kazi gani, mzee?"

"Ya kuangalia moto."

"Minye ya kuangalia barabara." Akawaza kidogo. "Basi tukiunganisha, kuko muntu mumoja mzima."

Hatukuulizana majina. Alipoitwa aligonga goti langu kwa ngumi, mara moja, akaingia.

Daktari aliangalia muda mrefu kwa taa yake. Akasema kioo cha jicho kilikuwa kimewaka kwa ugonjwa na sasa kinajaribu kujisafisha. Akanipa matone, akanionya nisisogelee moto, nirudi kila wakati atakaponiita. Nikamuuliza wazi: nitaona rangi tena? Akasema, "Mwili wako unajitahidi sana, papa. Tuusaidie, halafu tungoje." Nilimpenda kwa kutodanganya.

Kungoja. Kila nilipotia matone nilisikia karakana kupitia ukuta. Fundi akitoa nyungu anaigonga kwa kifundo cha kidole. Nzuri inalia kama kengele, inaimba mpaka unachoka. Yenye matundu inasema *tuk*. Kiangazi kile chote nilisikia *tuk, tuk*, na baada ya *tuk* sauti ya Kasongo akitukana kwa Kibemba, halafu nyungu inarudi kuyeyushwa. Wateja wakaanza kusema Papa Nyungu amekwisha. Sikutoka kuwajibu. Niliweka matone.

Joto la kabla ya mvua lilipokuja, maumivu yakaanza kuondoka kama mgeni asiye na haraka: leo anasimama, kesho anaaga, kesho kutwa bado yuko mlangoni. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa uani, nimefunika jicho la kushoto kwa kiganja kama nilivyozoea kujipima, nikaona kwenye kamba ya nguo kitambaa cha Mama Béa. Maua. Nikaona kwamba mengine ni mekundu na mengine ni mekundu yanayoelekea chungwa. Miezi yote ile nilikuwa nimekivaa sikujua.

Daktari aliniruhusu siku ambayo mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima. Aliniambia nivae miwani ya kazi kuanzia sasa. Nimeivaa.

Yaya Vero alikuwa amekuja na viazi. Nikamwambia Kasongo atengeneze kalibu ndogo, ya nyungu ndogo kabisa, ile ya uji wa mtoto, kwa kuwa Malemba alikuwa amefikia umri wa kuanza uji. Chuma kikayeyuka. Nikafunga jicho la kushoto, lile ambalo zona haikuligusa, nikalikandamiza kwa kitambaa. Nikabaki na la ugonjwa.

"Papa," Kasongo akasema, "fungua yote mbili. Hakuna mwenye kukucheka."

"Nyamaza."

Uso wa chuma ulikuwa unatikisika. Ukatulia. Ukafanya ngozi. Pembeni palikuwa peupe tu, peupe, na mimi nikasikia jasho likishuka kwenye makovu. Kasongo ameshika koleo, anangoja, mikono inaanza kuchoka. Ndipo rangi ikageuka. Kidogo, kidogo tu.

"Mimina."

"Sasa hivi? Papa, ungoje—"

"Mimina!"

Akamimina. Tukangoja ipoe. Alipovunja mchanga, Yaya Vero alimtangulia, akaichukua ile nyungu ndogo kwa kanga yake ikiwa bado ya moto, akaipeleka sikioni, akaigonga.

Ikalia. Ikaendelea kulia. Mama Béa akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona ni kengele gani.

Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanapiga bati. Solange akanipa mtoto, nami nikamshika kwa mikono miwili. Malemba aliniangalia, akanyoosha vidole vyake, akaweka kiganja juu ya makovu ya kipaji changu, upande wa kuume, akafinya.

Haikuuma.